Shimo la uniti 22, tanki la uniti 14

Boza la maji la kwanza lilishusha lita zake 10,000 kwenye tanki la chini ya ardhi bila neno. La pili halikufika hata nusu, maji yakaanza kuchuruzika kwenye bomba la ovafloo, lile la kutolea maji yanayozidi, na kutengeneza kijito kuelekea getini. Dereva akazima pampu, akanifuata. "Dada, hili tanki lenu limejaa."

Nikamwambia haiwezekani. Shimo nimelipima mwenyewe: mita 3 kwa 3, kina mita 2 na nusu. Hizo ni mita za ujazo 22.5, maboza mawili yanaingia na nafasi inabaki. Yeye hakuwa na ugomvi na hesabu yangu. Alitaka hela ya boza zima aondoke Goba, pembeni mwa Dar, kabla ya foleni ya jioni. Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama barazani, khanga begani, ananiangalia.

"Mwanangu, si ulisema mawili?"

"Nilisema, mama. Nisamehe."

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kazini kama mkadiriaji majenzi. Kazi yenyewe, kwa asiyeijua, ni kulihesabu jengo kabla halijasimama: saruji mifuko mingapi, mchanga tripu ngapi, zege kiasi gani. Karibu kila kitu kinapita kwenye ujazo. Na ujazo haumpotezi mtu kwenye kuzidisha, maana simu inazidisha. Unampoteza kabla hajaigusa hiyo simu, pale anapoamua apime nini.

Mimi nilipima shimo. Maji hayakai kwenye shimo, yanakaa ndani ya tanki, na tanki lina ukuta. Wetu ulikuwa wa zege la sentimita 20, juu yake plasta ya sentimita 2. Kila upande unakula sentimita 22, pande mbili 44, kwa hiyo mita 3 zimebaki 2.56. Kina nacho kililiwa: sakafu sentimita 15, na ovafloo imetobolewa sentimita 20 chini ya ukingo. Mita 2.5 zikabaki 2.15. Zidisha sasa 2.56 kwa 2.56 kwa 2.15 uone: mita za ujazo 14 na pointi kidogo. Uniti 14 za maji, kama tunavyozisoma kwenye bili, kwa sababu uniti moja ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20.

Angalia kilichotokea hapo. Urefu umepungua kwa asilimia 15 hivi, upana vilevile, kina asilimia 14. Ukitazama kimoja kimoja unasema si neno, fundi amekula kidogo. Lakini ujazo unayazidisha mapungufu yote matatu kwa pamoja, na kilichobaki ni asilimia 63 ya ulichofikiri unacho. Zaidi ya theluthi ya tanki ilikuwa zege na hewa.

Kosa la futi ni ndugu wa hilo. Mafundi wetu wengi bado wanafikiri kwa futi, na siwalaumu. Chumba cha futi 10 kwa 10 kila mtu anakiona kichwani. Tatizo linaanza wanapotaka lita. Fundi anachimba futi 10 kwa 10, kina futi 8. Anapata futi za ujazo 800. Anajua mita moja ina futi 3.28, basi anagawa mara moja: 244. Mita za ujazo 244! Hilo ni tanki la maboza 24, na yeye amechimba shimo la kutosha gari dogo moja. Alichosahau ni kwamba futi ya ujazo ina futi tatu ndani yake, ya urefu, ya upana na ya kina, na kila moja inadai kugawiwa kwa 3.28. Gawa mara tatu unapata 22 na ushee. Ndiyo maana mita moja ina sentimita 100 lakini mita ya ujazo ina sentimita za ujazo 1,000,000, na watoto wa shule hawaamini mpaka uwachoree mchemraba.

Ushauri wangu ni kwamba usibadilishe ujazo kabisa. Badilisha urefu kwanza, kila upande peke yake, ndipo uzidishe. Tepu ya fundi ina futi upande mmoja na sentimita upande wa pili, igeuze tu. Futi yenyewe tangu makubaliano ya mwaka 1959 ni sentimita 30.48 kamili, haina mjadala.

Na kama unataka lita, kuna njia ya mkato ambayo sote tulifundishwa tukaitupa. Unakumbuka ule wimbo wa darasani, kilomita, hektomita, dekamita, mita, desimita, sentimita, milimita? Desimita tuliiimba na hatukuitumia tena maishani. Desimita ni sentimita 10, na mchemraba wa desimita moja kila upande ni lita moja, kamili. Kwa hiyo andika vipimo vya tanki kwa desimita: 25.6 kwa 25.6 kwa 21.5. Zidisha. Jibu ni 14,090, na hizo tayari ni lita. Hakuna kuongeza sifuri wala kusogeza nukta. Ila pima ndani ya kuta kwanza; ningefanya hivyo siku ile ya Goba nisingedaiwa hela ya boza.

Kuna vyombo vyenye jina moja na matumbo tofauti. Mfano galoni. Galoni ya Uingereza iliwekwa kisheria mwaka 1824 kuwa nafasi ya ratili (paundi) 10 za maji, na leo ni lita 4.546. Wamarekani walibaki na galoni ya zamani ya mvinyo, inchi za ujazo 231, ambayo ni lita 3.785. Kwa fundi rangi wa Dar, galoni ni kopo la lita 4. Muuza mafuta ya kula naye anaweza kukuita uje na galoni lako, akimaanisha dumu la lita 5. Wote wanasema kweli, kila mmoja kwenye duka lake. Inauma pale kwenye pampu. Kibao kimeandikwa galoni 10 kwa dakika bila kusema za nani; kama ni za Marekani, simtank, yaani tanki la plastiki, la lita 5,000 litajaa kwa dakika 132, kama ni za Uingereza kwa dakika 110.

Pipa na debe nazo zilihesabiwa kwa galoni hiyohiyo ya Uingereza. Pipa letu la lita 200 ni galoni 44. Debe la asili, lile la bati la mafuta ya taa, lilikuwa galoni 4, kama lita 18.2. Leo ukisema debe, mwenzako anakuletea ndoo ya plastiki ya lita 20. Tofauti ni lita 1.8, glasi chache za maji, hutaiona. Kwenye madebe 100 ya kokoto utaiona.

Halafu kuna uzito, ambao unapenda kujifanya ujazo. Kwa maji vinalingana: lita moja ni kilo moja, ndivyo kilo ilivyobuniwa Ufaransa mwishoni mwa karne ya 18. Si sawasawa kabisa, na historia yake inachekesha. Mwaka 1901 wataalamu waliifunga lita kwenye kilo ya maji, baadaye ikaonekana lita hiyo imezidi desimita ya ujazo kwa sehemu 28 katika milioni. Mwaka 1964 wakaifungua, lita ikarudi kuwa desimita ya ujazo. Kwa boza la lita 10,000 tofauti yote ni mililita 280, chai ya mtu mmoja. Usilie nayo. Kumbuka tu kwamba simtank la lita 5,000 juu ya mnara ni tani 5, na mnara ujengwe ukijua hivyo.

Mchanga haufuati adabu ya maji. Mchanga mkavu mita moja ya ujazo ina kama kilo 1,600. Ndiyo maana lori la tani 7 likibeba kihalali linaleta kyubiki (mita za ujazo) nne na kitu, na mwenye nyumba aliyesikia "tani saba" akaandika kyubiki saba kwenye daftari anajiona ameibiwa. Pima bodi la lori. Urefu wa ndani, upana wa ndani, kina mpaka mchanga ulipofika baada ya kusawazishwa, basi. Bodi la mita 4 kwa 2.1 lenye mchanga wa kina cha sentimita 60 ni kyubiki tano, dereva aseme asemavyo.

Bibi zetu walilijua hili la kusawazisha. Walipopimiana nafaka kwa kibaba na pishi, na vibaba vinne ndivyo pishi, walitenganisha kibaba cha mfuto, kilichofutwa juu kikawa sawa na ukingo, na kibaba cha tele, chenye kilima. Chombo kilekile, bei mbili. Saiti leo saidia fundi anajaza ndoo ya tele akiwa na nguvu asubuhi, saa nane mchana amechoka anajaza ya mfuto, na zege la nguzo moja linakuwa la aina mbili.

Lakini hata ndoo ya mfuto inadanganya mchanga ukiwa na unyevu. Nilionyeshwa na mzee mmoja fundi zege, Kinyerezi, msimu wa masika. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaendelea kukata chupa ya maji ya lita moja na nusu kwa kisu, chini ya shingo, ikabaki kama glasi ndefu. Akaijaza mchanga uliotoka kwenye lori, wenye ubichi kidogo, akausawazisha bila kushindilia. Rula: sentimita 19. Akaumwaga pembeni kwenye mfuko wa saruji mtupu, akatia maji nusu chupa, akaurudisha mchanga uleule kidogo kidogo huku akikoroga kwa kijiti. Ulipotulia chini ya maji, rula ikasoma sentimita 15.

"Umeona, mwanangu? Hizo nne ulinunua upepo."

Nne juu ya 15 ni kama asilimia 27. Kinachotokea ni kwamba maji kidogo yanazizunguka chembe za mchanga kama ngozi, yanazisukuma zisikaribiane, na mchanga unavimba. Ukiloa kabisa ngozi ile inapotea, chembe zinashuka, unarudi kwenye ujazo wake wa ukavu. Kwa hiyo mchanga mkavu na mchanga uliozama majini unapimika. Wa katikati, ambao ndio tunaoletewa, unahitaji kuongezwa. Siku hizi natembea na chupa iliyokatwa kwenye buti la gari.

Hesabu ya zege yenyewe ndiyo inayowashangaza wateja wangu kuliko zote. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa kama lita 35, ndoo moja na robo tatu. Fundi makini anatengeneza boksi la mbao lisilo na kitako, ndani sentimita 40 kwa 35, kimo 25, ambalo ni lita 35 kamili, mfuko mmoja ni boksi moja. Mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne basi ni saruji mfuko, mchanga boksi mbili, kokoto boksi nne. Jumlisha: 35 na 70 na 140, lita 245. Weka maji, koroga, mimina. Unapata lita 160 hivi.

Lita 85 zimekwenda wapi? Hakuna aliyeiba. Kokoto ikijaa kwenye boksi imeacha matundu mengi katikati, mchanga unaingia kwenye matundu hayo, na saruji inaingia kwenye matundu ya mchanga. Uzito unajumlishika, kilo na kilo zinakaa mahali pake. Ujazo wa vitu vya punje haujumlishiki. Ndiyo maana kwa kila mita ya ujazo ya zege lililokwisha kumiminwa tunakadiria mita za ujazo 1.54 za vitu vikavu, na saruji inakuwa mifuko sita na theluthi. Mteja akija na hesabu yake ya "moja ya saba ya mita ni saruji", kwa kuwa moja, mbili na nne ni saba, anapata mifuko minne na pointi, halafu ananipigia simu nguzo ikiwa nusu.

Mama wa Goba tuliendelea naye. Hela ya boza nilimrudishia kwa awamu, na nikamfanyia kazi ndogo ya bure. Sakafu ya tanki lake ina eneo la mita za mraba 6.55, kwa hiyo kila sentimita moja ya maji ni lita 65 na nusu, ndoo tatu na kidogo. Nikachukua ufito mnyoofu, nikauchora kwa rangi ya mafuta kila baada ya sentimita, mstari mrefu kila sentimita 15 na robo, ambao ni uniti moja. Akitaka kuagiza maji anafunua mfuniko, anautumbukiza, anasoma palipoloa. Mwezi uliopita alinipigia: "Mwanangu, umeloa mpaka ishirini na mbili." Uniti moja na karibu nusu. Nikamwambia aagize boza moja tu, litaingia lote na nafasi ya uniti mbili na nusu itabaki.