Kimya kwanza, ndege baadaye: kujitengenezea vifaa vya kunasa sauti za ndege

Nikimaliza kuunganisha kifaa kipya, sikimbilii porini. Nakiingiza kabatini katikati ya nguo, usiku, nazima simu na feni, narekodi dakika tano za kimya. Kisha navaa hedifoni, napandisha sauti mpaka mwisho na kusikiliza. Nikisikia "shiii" isiyokatika, najua tatizo liko kwenye maikrofoni au kinasa sauti. Nikisikia mvumo mzito usiopanda wala kushuka, natafuta waya ambao haujaungwa vizuri. Ndege nitakayemfuata kesho anaweza kuwa mita hamsini juu ya mti, na sauti yake ikinifikia imeshakuwa nyembamba kama uzi. Kelele ya kifaa chenyewe ikiufunika uzi huo, hakuna programu ya kompyuta itakayourudisha.

Ndiyo maana anayetaka kuanza namwambia asianze na dishi, yaani lile bakuli pana linalokusanya sauti ya mbali. Aanze na kapsuli, yaani kile kidude kidogo cha duara kinachogeuza sauti kuwa umeme. Kapsuli za kawaida zinazotolewa kwenye simu za zamani na vifaa vya bei rahisi zina uwiano wa sauti kwa kelele wa kama desibeli 60 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Kipimo hicho huanzia kwenye sauti ya desibeli 94, kwa hiyo kelele yake ya ndani ni kama desibeli 34. Kapsuli ya Primo EM272, ambayo wengi wetu tunaipenda, ina uwiano wa 80, maana yake kelele yake ni desibeli 14 tu. Tofauti ya desibeli 20 si ndogo hata kidogo. Mahali pa wazi, ni sawa na kumsogelea ndege kutoka mita 50 hadi mita 5, bila kupiga hatua wala kumtisha.

Kapsuli hizi zinaogopa joto. Ndani yake kuna utando au bamba lililohifadhi chaji ya umeme, na ukichelewesha ncha ya moto wakati wa kulehemu, chaji hiyo inapotea. Kapsuli itafanya kazi lakini sauti yake itakuwa dhaifu. Nimeziua mbili kwa njia hiyo. Sasa naibana kapsuli ndani ya tundu la kipande cha alumini ili joto likimbilie huko, naweka risasi ya kulehemia kwenye ncha ya waya kwanza, kisha nagusa sekunde moja au mbili basi. Nyuma ya kapsuli kuna sehemu mbili za kulehemu. Ile iliyounganishwa na ganda la nje ndiyo ya kupokea ngao ya waya, yaani zile nyuzi za chuma zinazouzunguka waya wa ndani, na ile nyingine inapokea waya wa ndani. Tumia waya wenye ngao, usiwe mrefu bila sababu. Kinasa sauti nacho lazima kitoe umeme mdogo, volti mbili au tatu, kwenye tundu la maikrofoni. Vinasa vingi vidogo vinautoa, ila mara nyingi ni mpaka uuwashe kwenye menyu.

Sasa dishi. Lina historia ya kutia moyo mtu anayetumia vya kuokoteza. Mwaka 1932, Peter Paul Kellogg na Peter Keane wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walijaribu dishi la parabola kurekodi ndege, na kalibu waliyotumia waliiazima idara ya fizikia, ambako ilikuwa imebaki kutoka majaribio ya Vita vya Kwanza vya Dunia ya kusikiliza eropleni za adui.

Umbo ndilo kila kitu. Bakuli lililopinda kama nusu ya mpira halikusanyi sauti mahali pamoja, bali linaitawanya kwenye eneo zima. Parabola inaileta kwenye nukta moja, fokasi. Kuipata ni hesabu fupi: pima kipenyo cha mdomo wa dishi, kizidishe kwa chenyewe, kisha gawanya kwa kina kilichozidishwa mara 16. Dishi la sentimita 60 lenye kina cha sentimita 15 lina fokasi sentimita 15 kutoka katikati, yaani sawasawa na usawa wa mdomo. Likiwa na kina cha sentimita 10 tu, fokasi inasogea hadi sentimita 22.5, nje kabisa ya mdomo, na hapo kelele za pembeni zinaifikia kapsuli bila kizuizi. Kwa hiyo kati ya dishi mbili zenye upana mmoja, mimi huchukua lenye kina kirefu. Kapsuli inatazama ndani ya dishi, mgongo wake kwa ndege.

Hesabu inakufikisha karibu; sikio linamalizia. Weka spika ndogo mita ishirini mbele, icheze ile kelele ya redio isiyoshika stesheni, kisha sogeza kapsuli taratibu mbele na nyuma mpaka sehemu kali ya sauti ing'ae. Sentimita moja inabadilisha mengi.

Dishi langu la kwanza lilikuwa la chuma, la televisheni ya satelaiti, na lilinitesa. Dishi za aina hiyo nyingi zimekatwa kutoka upande mmoja wa parabola, hivyo fokasi haiko mbele ya katikati, na mahali unapodhani linaelekea sipo linaposikiliza. Pia lililia kama kengele kila kijiti kilipoligusa. Nililibandika mpira mzito mgongoni likatulia, lakini plastiki ngumu ilinifaa zaidi tangu siku ya kwanza.

Kuna jambo watu hawaambiwi: dishi haliwatendei haki ndege wote. Haliwezi kukusanya vizuri mawimbi marefu kuliko upana wake. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzijoto 20, kwa hiyo dishi la sentimita 50 linaanza kusaidia kuanzia karibu hetsi 700, yaani mitetemo 700 kwa sekunde. Juu ya hapo, kila hetsi zinapoongezeka maradufu, dishi linapandisha sauti desibeli 6 hivi. Ndege kama chozi na wenzake wenye milio myembamba wanasikika kama wako mkononi. Bundi mkubwa au njiwa anayenguruma chini ya hapo hapati chochote. Kwake dishi ni mzigo tu, heri usogee. Na usipomlenga ndege sawasawa, sehemu kali za wimbo ndizo zinazotoweka kwanza, ubaki na wimbo uliofifia bila kujua kwa nini.

Kinachoharibu rekodi nyingi kuliko yote ni upepo. Tunausikia kwenye rekodi kama ngurumo, lakini pale kwenye maikrofoni ni hewa inayougonga utando moja kwa moja. Sponji peke yake haitoshi nje. Ninachotengeneza ni kizimba cha wavu wa waya, upana kama wa kopo kubwa la maziwa, kilichofunikwa kitambaa chepesi kisha manyoya bandia marefu. Siri iko kwenye nafasi ya hewa tulivu kati ya manyoya na kapsuli. Ukiyagusisha manyoya na kapsuli umepoteza kazi yako. Ndani ya kizimba kapsuli inaning'inia kwenye rababendi, ili mtikisiko wa mkono usiifikie. Washa pia kichujio cha kinasa kinachokata sauti zilizo chini ya hetsi 100 hivi, isipokuwa unamfuata ndege wa sauti nzito.

Ninachokipenda kuliko dishi, hata hivyo, ni kapsuli mbili kwenye shina la mti. Moja kushoto, moja kulia, zikiachana kama upana wa kichwa cha mtu au zaidi kidogo, na shina likizitenganisha kama kichwa kinavyotenganisha masikio. Naziacha tangu jioni na kurudi asubuhi. Mapambazuko yanayorekodiwa bila binadamu karibu ni kitu kingine kabisa; ndege wanakuja karibu, unasikia hadi mbawa. Angalia umeme tu: pawabenki nyingi hujizima zenyewe zikiona kifaa kinakula kidogo mno, na mimi nilipoteza alfajiri nzima kwa sababu hiyo. Ijaribu nyumbani usiku kucha kabla ya kuiamini.

Kwa ndege wanaohama usiku, Mmarekani Bill Evans alibuni maikrofoni inayokaa ndani ya chungu cha maua cha plastiki, mdomo ukitazama angani na kufunikwa plastiki nyembamba ya kuzuia mvua. Kuta za chungu zinazima kelele zinazotoka ardhini, na milio mifupi ya ndege wanaopita gizani inaingia.

Wakati wa kurekodi, zima ile mipangilio ya kinasa kujipandishia sauti chenyewe, maana kati ya mlio na mlio kitaivuta kelele juu. Acha vilele vya sauti vifike karibu na desibeli 12 chini ya kikomo. Tumia WAV, aina ya faili isiyoibana sauti, kwa hetsi 48,000 na biti 24. Saa moja ya maikrofoni moja hula kama megabaiti 520, kwa hiyo beba memori kadi ya kutosha. Simu iwe hali ya ndege, la sivyo itakuwekea "ti-ti-ti" katikati ya wimbo.

Ndege akinyamaza, usibonyeze haraka. Mimi naacha sekunde kumi za msitu mtupu, kisha kwa sauti ya chini nataja tarehe, saa, mahali, ndege niliyemwona au niliyemdhania, na umbali wake. Ndipo nabonyeza.