Bustani ya umma nayo huhitaji shoka

Shoka likionekana kwenye bustani ya umma hapa Tabora, watu hupaza sauti: mti umeuawa! Uchungu huo naushiriki. Mji wetu unaishi kwa kivuli cha miembe, na huko pembezoni mkaa na mabani ya kukaushia tumbaku vimekwisha kula miombo mingi. Lakini kuamini kwamba mti wa bustani haukatwi kamwe ni kosa.

Frederick Law Olmsted, aliyesanifu Central Park ya New York pamoja na Calvert Vaux mwaka 1858, alitaka miche ipandwe kwa kusongamana ili ikingane ikiwa michanga, kisha ipunguzwe. Umma ulipopinga ukataji, mwaka 1889 yeye na J. B. Harrison waliandika ripoti nzima kulitetea shoka. Bwana miti yeyote atakueleza sababu: miti iliyobanana hugombea mwanga, hurefuka bila kunenepa, matawi ya chini hufa. Unabaki na nguzo zisizo na kivuli.

Wengine hudhani Gifford Pinchot, mwanzilishi wa taaluma ya misitu Marekani, ndiye aliyewafundisha wasanifu wa bustani kuthamini msitu. Huko Biltmore, shamba kubwa lililoko North Carolina, Olmsted ndiye aliyetangulia. Aliona ardhi imechoka, akamshauri tajiri George Vanderbilt, mwenye shamba, aweke bustani ndogo karibu na nyumba na sehemu kubwa iliyobaki iwe msitu wa kutunzwa na kuvunwa. Pinchot, aliyesomea misitu Nancy, Ufaransa, alianza kazi hapo 1892.

Wala Pinchot si baba wa hifadhi za taifa. Idara ya misitu aliyoiongoza tangu 1905 ilisimamia misitu ya kutumiwa, na aliunga mkono bwawa la Hetch Hetchy ndani ya Yosemite, hifadhi ya taifa huko California. Kwetu pia Ugalla, hifadhi ya taifa tangu 2019, ina sheria tofauti na msitu ambamo mrina asali mwenye kibali hutundika mizinga.

Dhana inayoniuma zaidi ni kwamba miti ya mwituni haifai mjini. Eneo la bustani husafishwa lote, miti ya miombo kama mtundu na mninga ikang'olewa, ndipo iletwe miche ya ashoki inayodai maji kiangazi kizima. Kisiki cha mtundu huchipua chenyewe, kwa mizizi iliyokwisha kuzoea udongo huu. Kiachwe, machipukizi yapunguzwe, libaki moja au mawili yaliyonyooka, na baada ya miaka michache nyuki watakuwa kwenye maua yake.