Mshipa upi, mzee? Kamusi za zamani na maneno ya chumba cha daktari

Mzee mmoja wa Tongoni, huku pwani ya Tanga, aliingia kwa daktari, akaketi upande upande, akasema: "Mwanangu, mshipa umenishuka." Daktari, kijana aliyekulia bara, akamshika mkono akapima mapigo, kisha akamfunga mashine ya presha. Presha ilikuwa nzuri. Mzee akapewa vidonge vya maumivu, akarudi nyumbani na mshipa wake. Mzee huyo ni mjomba wangu, na mimi ndiye niliyemsindikiza. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba kazi yangu ni kamusi, halafu nilikaa benchini pale nje nikinywa maji, bila kufikiri kwamba Kiswahili nacho huhitaji mkalimani wa Kiswahili.

Fungua kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, iliyojengwa juu ya ile ya Madan ya 1903, uone mzigo uliotwikwa neno mshipa. Ni njia ya damu, iwe inatoka moyoni au inarudi. Ni neva, uzi unaopeleka hisia mwilini. Tena ni ugonjwa wa sehemu za siri za mwanamume, uvimbe unaoteremka. Leo kila kimoja kina jina lake. Tuna ateri, vena na neva. Tuna ngiri, yaani utumbo unapopenya mahali palipolegea kwenye ukuta wa tumbo. Tuna ngirimaji, ambayo mitaani ni busha, yaani maji yanapojikusanya kuzunguka korodani. Ila majina mapya yamefika hospitali na vitabuni. Huku Tongoni na Pangani wazee bado wanaugua kwa kamusi ya 1939.

Na tofauti hiyo si ya kuchezea. Huku pwani busha mara nyingi hutokana na minyoo ya matende inayoenezwa na mbu. Vitoto vya minyoo hiyo hujitokeza kwa wingi kwenye damu usiku, ndiyo maana wapimaji wakabisha hodi saa nne za usiku na watu wakadhani wamevamiwa. Busha linaweza kusubiri siku ya upasuaji. Ngiri iliyokwama, ikawa ngumu, ikauma vikali na mtu akaanza kutapika, haisubiri hata kuche. Mwenye busha na mwenye ngiri, wote wawili watakwambia wana mshipa.

Watu wengi wakikuta maelezo ya namna hii kwenye kamusi kuukuu huyacheka. Mimi siyacheki. Mwandishi wa kamusi aliandika alichoambiwa na waliokuwa wanaumwa, na mara nyingi waliona sawasawa. Walichokosa ni sababu.

Chukua mkunguru. Kamusi za zamani zinausema kuwa ni homa inayompata mgeni kabla hajaizoea nchi. Mshambaa akishuka kutoka baridi ya Lushoto akaja kufanya kazi Tanga, baada ya wiki mbili tatu yuko kitandani anatetemeka, wenyeji wanasema "mkunguru huo, ataizoea hewa". Hewa haikuwa na kosa. Ronald Ross alionyesha mwaka 1897, huko India, kwamba vimelea vya malaria hukua ndani ya mbu. Lakini tazama jinsi fasili ya zamani ilivyolenga: mtu aliyeumwa na mbu wa pwani tangu utotoni, akapona kila mara, hujenga kinga kiasi fulani, mgeni hana kinga hiyo, na hata mwenyeji akikaa miaka mingi mahali pasipo malaria huipoteza. Hayo yote yamo ndani ya neno moja, mbu tu ndiye hayumo. Hatari yake ni kwamba neno linamfanya mgonjwa asubiri "kuzoea" badala ya kwenda kupima damu.

Safura ndiyo ninayoipenda zaidi. Neno limetoka Kiarabu, na huko ni nyongo ya manjano, mojawapo ya maji manne ambayo matabibu wa kale waliamini yanautawala mwili. Mengine ni damu, nyongo nyeusi na belghamu, hii hii tunayoitema tukikohoa. Kwa hiyo karne ya 19 wamisionari waliandika kuwa safura ni ugonjwa wa nyongo unaomfanya mtu ale udongo. Leo safura ni minyoo. Mwishoni mwa karne hiyo, Arthur Looss, Mjerumani aliyekuwa akifanya utafiti Cairo, alimwagikiwa mkononi na maji yenye mabuu ya minyoo hiyo. Ngozi ikamwasha, na baadaye akakuta mayai yake katika choo chake mwenyewe. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba huingia kwa kutoboa ngozi, hasa nyayo za mtu asiyevaa viatu, kisha huenda kunyonya damu utumboni.

Na ule udongo? Mtu aliyeishiwa damu kwa kukosa madini ya chuma huweza kushikwa na hamu ya kula udongo. Kamusi iliona udongo na ugonjwa vikitembea pamoja, ikavifunga kamba moja. Mama mjamzito anayepita sokoni Mgandini kununua pemba, ule udongo wa kutafuna, asisemwe. Apelekwe kliniki apimwe damu.

Kwenye vyuma mambo ni mepesi kidogo. Mtambo zamani ulikuwa kifyatuo cha bunduki au cha mtego, kwa hiyo ukikuta barua ya kale inasema mtambo umevunjika, usitafute kiwanda. Umeme ulikuwa ule wa mvua. Simu ni neno la Kiajemi, maana yake waya, nayo ilikuwa telegrafu kabla haijaongea. Mashambani kwetu kuna korona, nyumba ya mashine ya kuchakata mkonge, iliyopata jina kutoka kwa mashine za Kijerumani zilizouzwa kwa jina la Corona. Mwaka 2020 redio ikitangaza korona inaua, wapo wazee walioguna kwamba korona wameitumikia ujana wao wote na vidole vyao vyote wanavyo.

Kwa hiyo unapofungua kamusi, tazama kwanza mwaka uliochapwa. Na ukiwa muuguzi, ukisikia neno lenye umri kuliko cheti chako, mwombe mgonjwa aoneshe kwa kidole.

Mjomba nilimrudisha wiki iliyofuata, safari hii nikaingia naye. Tulimkuta mama wa makamo, mzaliwa wa Pangani. Akamwamkia shikamoo, akavuta pazia, akauliza: "Mshipa upi, mzee, wa mkono au wa chini?"

Mjomba akanitazama mimi, akalegeza kikoi.