Kifungashio cha bidhaa si mfuko wa kubebea: yanayowakwamisha wauzaji na wanunuzi

Tangu tarehe 1 Juni 2019 mfuko wa plastiki wa kubebea bidhaa ni marufuku Tanzania Bara, uwe mnene au mwembamba, wenye mikono au usio nayo. Kanuni zenyewe ni Tangazo la Serikali Na. 394 la mwaka huo, lililotolewa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Sura ya 191. Madhara ya rambo kwa mitaro na mifugo sina haja ya kuyarudia. Ninaandika kwa sababu ya malalamiko yanayotoka masokoni, na mengi yanaletwa na watu wema waliozijua kanuni kwa kusimuliwa.

Lalamiko linaloongoza ni hili: mkate unauzwa ndani ya plastiki, sukari ndani ya plastiki, kwa nini mwenye genge akamatwe kwa kufungia nyanya? Jibu lipo ndani ya kanuni tangu siku ya kwanza. Plastiki yote haikupigwa marufuku. Vifungashio vya bidhaa za viwandani, vya usindikaji wa chakula, vya huduma za afya, kilimo, ujenzi, usafi na udhibiti wa taka viliachwa viendelee kutumika. Kinachotazamwa ni kazi ya mfuko. Mkate ulifungwa na mwokaji kabla haujafika dukani, kwa hiyo plastiki yake ni kifungashio. Vitunguu vilivyopimwa mbele ya mteja na kutumbukizwa kwenye mfuko ili aende navyo nyumbani, mfuko huo ni wa kubebea. Muuzaji akiuita kifungashio, au hata kama bando lake limeandikwa hivyo, kosa liko palepale.

Ni kweli kwamba baada ya 2019 mifuko laini inayoonyesha, isiyo na mikono, ilienea kwenye magenge na mabucha kwa jina hilo la vifungashio. Serikali ilitangaza mwisho wa matumizi hayo Aprili 2021. Anayesema leo kwamba "hii inayoonyesha imeruhusiwa" anasambaza habari iliyokwisha miaka mingi, na anamponza jirani yake wa meza ya pili.

Wasafiri wanaoingia nchini hutakiwa kuiacha mifuko ya plastiki ya kubebea kwenye dawati la mpakani au uwanja wa ndege. Vile vifuko vya kujifunga vya kuwekea sabuni na dawa ya meno vinaruhusiwa, mradi mwenyewe aondoke navyo. Zanzibar ina sheria yake, maana mazingira si jambo la Muungano, na huko marufuku ilianza zamani kuliko Bara.

Sasa adhabu, ambazo watu wengi huzichanganya. Anayezalisha au kuingiza mifuko hii nchini hutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 20 na isiyozidi bilioni 1, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Anayeisafirisha kwenda nje ya nchi ni milioni 5 hadi milioni 20, kifungo ni hichohicho. Anayehifadhi, kusambaza au kugawa ni milioni 5 hadi milioni 50, na hapa pia kifungo hakizidi miaka 2. Muuzaji ni shilingi 100,000 hadi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi 3, au vyote. Anayekutwa nao au kuutumia ni 30,000 hadi 200,000, au kifungo kisichozidi siku 7, au vyote. Mnunuzi naye yumo, na ule utetezi wa muuzaji kwamba mteja ndiye aliyedai rambo haufuti kosa la yeyote kati yao.

Si kila shauri hufika mahakamani. Mkosaji anayekiri kwa maandishi anaweza kufifilishiwa kosa, yaani akalipa faini na shauri likaishia hapo. Faini hiyo hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na mfumo wa Serikali, kupitia benki au simu, na mlipaji hupata stakabadhi. Asiyepewa namba asilipe. Fedha taslimu mkononi mwa ofisa au mgambo si faini, na aliyeombwa ana haki ya kuomba kitambulisho na kutoa taarifa kwa mtendaji au polisi. Nimelikazia hili kwa sababu wanaoumia zaidi ni wauzaji wadogo, ilhali wasambazaji wenye maghala hawaguswi na ukaguzi wa mezani.

Imebaki mifuko mbadala, na hapa ndipo tunapopoteza vita. Wengi huamini ni vitambaa. Mingi ni polipropilini, plastiki nyingine, iliyoshindiliwa hadi ikafanana na nguo. Imeruhusiwa kwa sababu inaweza kutumika tena na tena, na ndiyo maana ikawekewa uzito usiopungua gramu 70 kwa kila mita ya mraba. Inayochanika kabla mteja hajafika kituo cha daladala ni rambo kwa sura nyingine, na ikifika mtaroni inaziba vilevile.

Muuzaji anaweza kujipimia mwenyewe kwa mizani yake. Mfuko wenye upana wa sentimita 35 na urefu wa sentimita 40 una pande mbili, jumla mita za mraba 0.28. Zidisha kwa 70 upate gramu 19.6, kabla ya kuhesabu mikono. Mifuko 50 ya saizi hiyo inakaribia kilo moja, na ikiwa na mikono inaipita. Bando la 50 likisoma nusu kilo au robo tatu, mzigo huo haujafikia kiwango, hata kama rangi inavutia na bei ni nafuu. Kwa saizi nyingine hesabu ni ileile. Mfuko wenye mbavu za pembeni unatakiwa uwe mzito zaidi.

Pima kabla ya kulipa. Ukigundua baadaye, acha kuigawa kwa wateja, irudishe kwa aliyekuuzia pamoja na risiti, na nakala ya risiti ubaki nayo. Mkaguzi akifika, mwonyeshe. Risiti hiyo ndiyo inayotuwezesha kutoka mezani kwako hadi kwa msambazaji, na kutoka kwa msambazaji hadi kwa aliyezalisha au kuingiza mzigo. Bila risiti, ukaguzi unaishia kwako.