Mambo ambayo watu hukosea kuhusu uwanja wa ndege wa Embakasi

Kila mara mada ya viwanja vya ndege vya mkoloni ikiibuka nasikia maneno yaleyale, kwa hivyo leo naandika yote mahali pamoja.

Ati Embakasi, yaani uwanja mkuu wa Nairobi ambao leo ni JKIA (Jomo Kenyatta International Airport), ilijengwa ili kupiga Mau Mau. Hapana. Ndege za RAF, jeshi la anga la Uingereza, zilizopiga mabomu misitu ya Aberdare na Mlima Kenya, zile Lincoln kubwa, zilikuwa zinaruka kutoka Eastleigh hapohapo Nairobi, na zile ndogo za Harvard zilikuwa Mweiga karibu na Nyeri. Eastleigh ilikuwa kambi ya jeshi na pia uwanja wa abiria kwa wakati mmoja, yaani mashirika ya ndege ya BOAC (la Uingereza) na East African Airways walikuwa wanashusha watu palepale penye ndege za kivita. Shida ilikuja na jeti. Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600, hewa ni nyepesi, bawa halipati nguvu haraka na injini nayo inapungukiwa, hivyo ndege lazima ikimbie mbali zaidi kabla haijanyanyuka, na ukiongeza jua la mchana ndio kabisa. Mwaka 1952 Comet, jeti ya kwanza duniani kubeba abiria wa kulipa, ilipoanza safari za London hadi Johannesburg ilipitia Entebbe, Nairobi ikarukwa. Nairobi ilihitaji ranwei ndefu, ndiyo sababu Embakasi ikajengwa, na leo ya JKIA ina zaidi ya kilomita 4.

Ya pili ndiyo inaniuma zaidi: ati "Waingereza walitujengea bure". Watu wakiongelea gharama wanahesabu pauni tu, nani alitoa, London ama serikali ya koloni. Lakini walioshika sururu na koleo pale Embakasi ni wafungwa na mahabusu wa Mau Mau, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, walifanyishwa kazi ngumu kwa lazima chini ya bunduki kwenye jua la ule uwanda. Jasho lao lilikuwa sehemu ya bajeti, hata kama kwenye vitabu vya hesabu haliko. Ukisema bure unawafuta hao wazee, na mimi siwezi kukubali hilo hata kidogo.

Wengine husema Queen Mother, mama yake Malkia Elizabeth wa Pili, ndiye aliyefungua. Mipango ilikuwa hivyo kweli, ila alicheleweshwa njiani akitoka Australia, kwa hivyo gavana Evelyn Baring akafungua mwenyewe, Mei 1958.

Na Wilson, ule uwanja mdogo wa ndege wa Nairobi? Si jina la waziri mkuu wa Uingereza bana. Ni Florence Kerr Wilson, mama aliyeanzisha Wilson Airways mwaka 1929. Uwanja wenyewe uliitwa Nairobi West hadi 1962.

Halafu kuna wanaodhani jengo tunaloshukia leo JKIA ndilo lile la mkoloni. Lile la 1958 liko upande wa pili wa ranwei na limebaki kwa Jeshi la Anga. La abiria lilifunguliwa Machi 1978 kwa msaada wa Benki ya Dunia, Mzee Jomo Kenyatta akiwa bado hai, na jina lake likawekwa baada ya kufariki Agosti mwaka huohuo. Eastleigh ya RAF ndiyo siku hizi Moi Air Base.