Je, wajua kwa nini mji wa dhahabu uliobaki na watu 300 hujaa baiskeli kila kiangazi?

Downieville uko kaskazini mwa California, Marekani, mahali ambapo mto Downie unamwaga maji yake katika Yuba ya Kaskazini. Wakazi wake ni takriban 300. Barabara kuu inayoupitia ni namba 49, nambari iliyochaguliwa kuukumbuka mwaka 1849, watu walipomiminika California kutafuta dhahabu. Hapo mjini barabara hiyo inavuka daraja jembamba, gari moja moja. Lakini kiangazi kikifika, mitaa inajaa watu waliovaa kofia ngumu, matope hadi magotini, wakisubiri gari la kuwapandisha mlimani na baiskeli zao. Kati ya waendesha baiskeli wa milimani, jina la mji huu linajulikana mbali sana na Marekani.

Kwa nini hapa, na si kwenye mji mkubwa wenye hoteli na uwanja wa ndege? Jibu fupi ni kwamba njia wanazoshuka zilichimbwa na watafuta dhahabu zaidi ya miaka 150 iliyopita. Dhahabu iliwalazimisha watu kuchonga njia kwenye miteremko ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu angeihangaikia. Kisha dhahabu ikapungua, watu wakaondoka, na hapakuwa na sababu ya kuzifunika njia hizo kwa lami.

Turudi nyuma kidogo. Mwishoni mwa 1849, Mskoti aitwaye William Downie alipanda na mto Yuba akiwa na kikundi kilichochanganyika sana kwa zama zile: mabaharia Weusi kadhaa, Mhawaii mmoja, kijana wa Kiayalandi, na wengineo. Downie mwenyewe alisimulia kwamba siku moja yule Mhawaii alivua samaki aina ya salmoni, wakamchemsha, na walipomaliza kula wakakuta chembe za dhahabu chini ya sufuria. Uamini usiamini, ni shauri lako. Kisichobishaniwa ni kwamba changarawe ya pale ilikuwa tajiri. Downie alieleza pia juu ya wanaume watatu waliojiwekea sharti la kujaza kikombe cha bati kwa dhahabu kila siku kabla ya kuacha kazi. Habari za namna hiyo hazifichiki. Kufikia 1851 mji ulikadiriwa kuwa na watu 5,000 hivi, wamebanana ndani ya bonde jembamba ambalo hata leo jua huchelewa kuingia na huwahi kutoka.

Watu 5,000 wanahitaji kula. Bondeni hapaoti ngano, na magari ya farasi hayakuweza kupita. Ilibidi kila kitu kipandishwe kwa nyumbu: unga, misumari, baruti, pombe, hata mashine zilizofunguliwa vipande vipande. Juu ya mji zilikuwepo kambi nyingine, kila kijito na kambi yake, na kila kambi ilihitaji njia yake.

Sasa, njia ya nyumbu ina tabia zake. Upana wake ni wa mnyama na mzigo wake, basi. Haipandi wima, kwa sababu nyumbu aliyebeba mzigo mzito atagoma au ataanguka. Inakata ubavu wa mlima kwa mshazari. Panapokuwa na korongo, inazunguka kulifuata umbo la mlima. Na kwa kuwa dhahabu iko mtoni, njia nayo inarudi mtoni kila mara. Mwendesha baiskeli wa milimani akiulizwa njia ya ndoto zake ikoje, ataeleza yaleyale: nyembamba, yenye kona zinazofuatana, inayoshuka muda mrefu bila kuwa genge, na maji pembeni.

Mshuko maarufu zaidi unaanzia Packer Saddle, zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na kuishia mjini, kwenye mita 900 hivi. Ni kilomita 24 au zaidi kidogo, kutegemea matawi utakayochagua. Huko juu kuna misonobari na miamba mikavu. Mikono inaanza kuuma kwa kushika breki kabla hujafika nusu. Halafu unaingia kwenye kivuli cha kijito cha Butcher Ranch, mawe yanakuwa makubwa na ya utelezi, na mara nyingine tairi linapita shibiri chache tu kutoka ukingo ambao chini yake maji yanasikika bila kuonekana. Baadaye njia iitwayo Third Divide inalainika, udongo unakuwa mwekundu, na kasi inapanda hadi unajikuta unajiombea dua.

Inafaa kusema kwa nini njia hizi hazikufunikwa na barabara na majengo mapya. Kwanza, reli haikuwahi kufika Downieville. Pili, uchimbaji ulipokuwa ukijikongoja, vita vikaumaliza: Oktoba 1942 serikali ya Marekani iliamuru migodi ya dhahabu ifungwe ili watu na vifaa viende kwenye madini ya kivita. Migodi mingi haikufunguliwa tena. Sehemu kubwa ya milima inayozunguka mji ni msitu wa taifa wa Tahoe, kwa hiyo hakuna aliyejenga mitaa ya nyumba juu yake. Baiskeli za milimani, zilizozaliwa California kwenyewe miaka ya 1970, zilikuta njia zimelala zinasubiri.

Hata hivyo zisingedumu zenyewe, maana njia ya mlimani isipotunzwa inamezwa na vichaka. Mwaka 2003 iliundwa taasisi isiyo ya kibiashara iitwayo Sierra Buttes Trail Stewardship, ambayo huajiri vibarua na kukusanya watu wa kujitolea kurudishia kuta za mawe, kuchimba mifereji ya kutoa maji ya mvua, na kufungua njia mpya. Kwa maoni yangu hiki ndicho kitu cha busara zaidi mji huu umefanya tangu wakati wa Downie: watu wanalipwa mshahara tena kwa kushika sururu, milima ileile, ila safari hii hawatoi kitu ardhini. Baadhi ya njia hutumiwa pia na watembea kwa miguu, farasi na hata pikipiki, kwa hiyo anayeshuka kwa kasi anatakiwa kujua kusimama. Na kuna mashindano, Downieville Classic, yenye sharti ninalolipenda: anayewania ubingwa wa jumla lazima atumie baiskeli ileile kwenye mbio za kupanda na kuteremka. Huwezi kuja na moja nyepesi ya kupandia na nyingine nzito ya kushukia.

Njia za nyumbu ni urithi mmoja tu. Urithi mwingine ni mifereji. Mwaka 1853, karibu na Nevada City, kusini mwa Downieville, Edward Matteson alianza kubomoa kilima kwa maji yaliyosukumwa kwa nguvu kupitia bomba. Ndani ya miaka michache watu walikuwa wakiangusha milima mizima. Maji ya kazi hiyo yalitoka mbali, kwa mifereji iliyochongwa ubavuni mwa mlima, ikishuka kidogo kidogo sana ili maji yatembee bila kumomonyoa kingo. Uharibifu ulikuwa wa kutisha: tope lilijaza mito na kuzamisha mashamba ya bondeni, hadi mwaka 1884 Jaji Lorenzo Sawyer akapiga marufuku kumwaga kifusi mitoni. Shimo la Malakoff Diggins, lenye urefu wa karibu kilomita 2, limebaki wazi hadi leo kama hifadhi ya jimbo. Kuta zake za rangi ya chungwa na waridi ni nzuri kuzitazama, jambo linaloudhi ukikumbuka zilivyopatikana.

Mifereji ilipokauka, mteremko wake ulibaki. John Olmsted, mpenzi wa mazingira, aliombwa na rafiki anayetumia kiti cha magurudumu amtafutie mahali pa kuingia porini bila kusukumwa juu ya mawe. Alipata mfereji mkavu juu ya Yuba ya Kusini. Mteremko uliofaa maji ulifaa pia magurudumu, na hivyo ikazaliwa Independence Trail. Agosti 2020 moto wa nyika uliteketeza madaraja yake ya mbao upande wa magharibi, kwa hiyo anayepanga kwenda aulize kwanza sehemu ipi iko wazi.

Na dhahabu yenyewe je, imekwisha? La. Mafuriko ya kila masika huitoa mlimani na kuileta mtoni, kidogo kidogo. Kuitafuta kwa karai ni burudani ya bei rahisi, na siri yake yote ni uzito: dhahabu ina uzito mara 19 hivi ya maji, mchanga wa kawaida mara 2.6 tu. Chota changarawe nyuma ya jiwe kubwa, au ndani ya ufa wa mwamba, au upande wa ndani wa kona ya mto, kwa maana hapo maji hupunguza kasi na kuangusha vilivyo vizito. Zamisha karai, litikise kushoto na kulia mpaka vizito vitulie chini, kisha liinamishe na uache maji yachukue vya juu. Rudia. Mwisho unabaki na kijiko cha mchanga mweusi wenye chuma, na ukiwa na bahati, chembe mbili tatu za njano pembeni. Ziweke kivulini: madini bandia yanayometameta hufifia, dhahabu hubaki njano vilevile. Mgongo utauma, vidole vitakufa ganzi. Na kabla ya kuanza, hakikisha eneo si la mtu, kwani sehemu nyingi za mto zimesajiliwa kwa wachimbaji wenye haki zao, na ugomvi wa mipaka si hadithi za zamani tu. Mashine za kunyonya mchanga mtoni zimezuiwa California tangu 2009, kwa sababu mojawapo kwamba zinatibua zebaki iliyoachwa na wachimbaji wa kale.

Mjini kwenyewe panahitaji mchana mmoja wa kutembea. Tazama milango na madirisha ya chuma kwenye majengo ya matofali. Yaliwekwa ili yafungwe moto ukizuka, baada ya mji kuungua mara mbili katika miaka ya 1850. Kando ya mahakama kumesimama jukwaa la kunyongea, lililotumika mara moja tu, mwaka 1885. Lakini unyongaji ambao mji unapaswa kuukumbuka haukuhitaji jukwaa. Tarehe 5 Julai 1851, mwanamke wa Kimeksiko aitwaye Josefa alinyongwa darajani na umati wa wachimbaji baada ya kumchoma kisu mtu aliyevunja mlango wake usiku wa sherehe za uhuru. Kesi iliendeshwa siku hiyohiyo. Mwaka mmoja kabla, jimbo lilikuwa limewatoza wachimbaji wa kigeni kodi ya dola 20 kwa mwezi; chuki ilikuwa imeshapandwa. Wanisenan, wenyeji wa milima hii, hawakuulizwa chochote.

Ukiwa na siku ya ziada, endelea na barabara 49 hadi Sierra City, kisha upande kwenye maziwa. Kilele cha Sierra Buttes, mita 2,618, kina kibanda cha kuchungulia moto kinachofikiwa kwa ngazi za chuma zilizoning'inia juu ya genge. Asiyependa urefu asijaribu. Chini yake liko eneo la Gold Lake, yaani Ziwa la Dhahabu, na jina hilo lina kisa. Mwaka 1850 Thomas Stoddard aliwaambia watu ameona ziwa lenye mapande ya dhahabu ufukweni. Mamia walimfuata milimani, wakalikosa, wakatishia kumnyonga, naye akatoroka usiku. Leo watu wanapiga kambi na kuendesha mitumbwi kwenye ziwa lenye jina hilo.

Chagua msimu vizuri. Theluji ya juu inaweza kuziba njia za baiskeli hadi Juni au zaidi. Masika mto unajaa maji ya theluji, yana kasi na baridi ya kuua, na kuogelea kusubiri mpaka Julai au Agosti, ingawa mwishoni mwa kiangazi huja moshi wa moto wa nyika. Mashimo ya migodi usiingie kabisa, hata yale yanayoonekana imara. Na wanaodhani michezo ya mlimani ni mambo mapya wajue kwamba wachimbaji wa eneo hili, kazi ikisimama kwa theluji, walifunga mbao zenye urefu wa zaidi ya mita 3 miguuni na kushindana kuteremka moja kwa moja bila kona. Huko La Porte, mji mwingine wa wachimbaji milimani humo, mashindano hayo yalikuwa na klabu yake na zawadi za pesa kufikia 1867, na kila timu ilificha siri ya mchanganyiko wake wa nta ya kupaka upande wa chini wa mbao zaidi ya ilivyoficha dhahabu.