Marmoti hatoki shimoni kutazama kivuli

Kila tarehe 2 Februari, katika mji wa Punxsutawney, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, umati hukusanyika alfajiri kwenye baridi kali kumsubiri mnyama mnene wa kahawia mwenye miguu mifupi. Ni marmoti, yule Wamarekani wanayemwita groundhog. Akikiona kivuli chake, watu husema, baridi itaendelea wiki sita zaidi. Desturi hiyo ilianza hapo mwaka 1887, na chimbuko lake ni wahamiaji wa Kijerumani, ambao kwao aliyeagua hali ya hewa alikuwa mnyama mwingine, jamaa wa nyegere.

Februari anatoka kweli, ila si kwa ajili ya kivuli.

Marmoti ni ukoo mmoja na kindi. Kiangazi chote kazi yake ni kula majani, na mboga za watu pia, mpaka anenepe. Vuli ikiisha huingia katika chumba alichokichimba chini kuliko barafu inavyofika, hujikunja kama mpira, na kujizima. Nasema kujizima kwa sababu kulala ni neno dogo mno hapa. Joto la mwili hushuka kutoka nyuzi 37 hadi karibu nyuzi 5. Moyo uliokuwa ukipiga mara 80 kwa dakika hubaki na mapigo manne au matano. Ukimgusa utadhani amekufa. Baada ya siku kadhaa hujipasha joto, huamka kidogo, kisha huzama tena. Hana ghala, anaishi kwa mafuta yake tu.

Madume ndiyo hutangulia kutoka, theluji ingali chini na hakuna jani la kutafuna. Hupita mashimo ya majike yaliyo jirani, wakajuana, halafu hurudi kujizima. Kupandana ni Machi. Mimba huchukua takriban siku 31, na watoto huzaliwa Aprili wakiwa vipofu, bila manyoya. Wakichungulia nje mwezi Mei, majani yameshachipua. Wangezaliwa mapema zaidi, mama angekosa chakula cha kumpa maziwa. Wangechelewa, baridi ingewakuta hawajanenepa.

Kwa hiyo nawasihi mnaoishi Marekani na Kanada, mkimkuta amechimba chini ya banda la bustani, msimfukue Aprili wala Mei, watoto wamo. Kuziba mlango wenye kifusi hakusaidii: kwa kawaida ana mlango mwingine aliouchimba kutokea ndani, hauna hata tonge la udongo nje, nyasi zimeufunika. Subirini Julai ipite. Watoto watakuwa wametawanyika kuchimba mashimo yao, na yeye hajaingia bado kujizima. Kisha sindikeni gazeti lililokunjwa-kunjwa katika kila mlango, bila kulikaza. Likisukumwa, yumo. Likikaa siku tatu nne bila kuguswa, fukieni.